Vita Vinaposimama Bila Kwisha: Neno Lipi Litumike?

Msomaji wa Kigoma, ambaye kazi yake ni kuandaa taarifa za habari za redio, ameniandikia kwamba katika chumba chao cha habari maneno "kusitisha mapigano", "kusimamisha vita", "suluhu" na "mkataba wa amani" hutumiwa kwa kubadilishana, na kwamba kila taarifa ya aina hiyo inaposomwa, wasikilizaji wenye asili ya Kongo na Burundi hupiga simu kuuliza kama njia ya kurudi kwao imefunguka. Anauliza maneno hayo yanatofautianaje, na ni lipi linalofaa kuitwa hali ambayo bunduki zimenyamaza lakini ugomvi haujakatwa. Ameambatanisha sentensi tatu zilizowahi kusomwa hewani: "Vita Kuu ya Kwanza ilimalizika kwa mkataba wa amani wa tarehe 11 Novemba 1918", "Suluhu ya mashariki mwa Kongo imevunjika", na "Pande zote mbili zimeweka silaha chini". Kila moja ina kasoro ya aina yake, nami nitaigusa panapohusika.

Ndugu msomaji, maneno hayo manne si visawe. "Kusitisha mapigano" kunagusa kitendo, yaani kufyatua risasi, kurusha mizinga na kusogeza vikosi. "Kusimamisha vita" kunagusa vita kwa upana wake, katika medani zote, ingawa chanzo chake kinabaki palepale. "Suluhu" inagusa ugomvi wenyewe. "Mkataba wa amani" unagusa hali ya kisheria inayowekwa baada ya ugomvi kukatwa: mpaka upite wapi, mateka warudishweje, nani alipe nini na nani atawale. Kwa hiyo hali unayoiulizia inastahili ama jina la kwanza ama la pili, kutegemea ukubwa wa makubaliano, na la nne haistahili kamwe. Suluhu ina maelezo yake marefu kidogo, na itabidi yangoje.

Kitenzi "sita" kwa maana yake ya kawaida ni kusimama kidogo kwa shaka au kwa kungoja, kama shahidi anavyosita kabla ya kujibu. Anayesita hajaghairi, na huenda akaendelea. Kwa kukitia kauli ya kutendesha tunapata "sitisha", kufanya jambo lisimame katikati ya mwendo wake, na ndiyo maana "kusitisha mapigano" kulikaa vizuri katika vinywa vya watangazaji na kukaenea katika idhaa na magazeti yetu. Tatizo ni kwamba kitenzi hicho kimeanza kuhama. Maofisini, "kusitisha mkataba wa ajira" kwa kawaida ni kuuvunja moja kwa moja, na klabu ya mpira ikitangaza kwamba imesitisha mkataba na kocha wake, hakuna shabiki anayemtarajia mazoezini wiki ijayo. Msikilizaji aliyezoea matumizi hayo akiambiwa kwamba mapigano yamesitishwa, ana kila sababu ya kudhani kwamba yamekwisha. "Simamisha" haijachakaa hivyo: mtumishi aliyesimamishwa kazi bado ni mtumishi, anangoja uchunguzi, na kila mtu anajua kwamba hali yake si ya aliyefukuzwa. Kwa sababu hiyo, ninapoandika juu ya makubaliano makubwa yanayohusu vita vizima, hupendelea "mapatano ya kusimamisha vita", na "kusitisha mapigano" hukuachia makubaliano ya bunduki kunyamaza, nikitaja muda wake kila unapojulikana. "Komesha" sikutumii hapa hata kidogo, kwa kuwa kilichokomeshwa hakitarajiwi kuanza tena.

Kuna pia nyakati ambazo hakuna aliyekubaliana na yeyote. Masika yameharibu barabara, mafuta ya magari yamekwisha, makamanda wanapanga upya vikosi, na wiki mbili zinapita bila mlio. Hapo mapigano yametulia au yamepungua. Hayajasitishwa, kwa sababu kauli ya kutendwa inadai mtendaji, na mwandishi anayeiandika lazima aweze kumtaja.

Sheria ya vita iliyashughulikia mambo haya mapema. Kanuni zilizoambatanishwa na Mkataba wa Nne wa The Hague wa mwaka 1907 zimetenga vifungu sita, cha 36 hadi cha 41, kwa ajili ya mapatano ya kusimamisha vita. Kifungu cha 36 kinaeleza kwamba mapatano hayo husimamisha operesheni za kijeshi kwa ridhaa ya pande zinazopigana, na kwamba yasipowekewa muda, kila upande unaweza kuanza tena wakati wowote, ilimradi adui aonywe kabla, kwa muda waliokubaliana. Aliyeandika kifungu hicho alijua wazi kwamba haandiki juu ya amani: kuanza tena kwa vita kumo ndani ya maana ya neno. Kifungu cha 37 kinatofautisha mapatano ya jumla, yanayohusu vita popote vinapopiganwa, na mapatano ya mahali, yanayohusu sehemu fulani za majeshi katika eneo lililotajwa. Kifungu cha 38 kinataka mapatano yatangazwe rasmi na kwa wakati kwa wenye mamlaka na kwa vikosi. Hicho kinaonekana kuwa jambo dogo la kiofisi, lakini kisa chake kikubwa kilitokea karibu na kwenu.

Tarehe 11 Novemba 1918, muda mfupi baada ya saa kumi na moja alfajiri, wajumbe wa Ujerumani wakiongozwa na Matthias Erzberger walitia saini mapatano mbele ya Jemadari Ferdinand Foch wa Ufaransa, ndani ya behewa la reli katika msitu wa Compiègne, na bunduki za medani ya magharibi zikanyamaza saa tano asubuhi. Mapatano yale yalikuwa ya siku 36 tu, yakaongezwa muda mara kadhaa katika miezi iliyofuata, na kifungu chake kimojawapo kiliacha manowari za Mataifa ya Muungano ziendelee kuzuia bidhaa zisiingie Ujerumani kwa bahari. Huo si mwenendo wa watu walio katika amani. Mkataba wa amani ulitiwa saini Versailles tarehe 28 Juni 1919 na ukaanza kutumika tarehe 10 Januari 1920.

Sasa tazama upande wetu. Kifungu cha 17 cha mapatano ya Compiègne kilihusu majeshi ya Kijerumani yaliyokuwa bado yanapigana Afrika Mashariki, nacho kiliyataka yaondoke katika muda ambao ungewekwa na Mataifa ya Muungano. Rasimu ya kwanza ilikuwa imedai yasalimu amri bila masharti. Wajumbe wa Ujerumani wakapata neno laini zaidi. Lakini tarehe 13 Novemba, siku mbili baada ya saini, Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi hayo, alikuwa angali anasonga mbele katika eneo la Kasama, katika Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, akiwa hana habari yoyote ya yaliyotokea Ufaransa, na alizijua kutokana na barua za Waingereza zilizonaswa pamoja na mjumbe wao. Tarehe 25 Novemba, mjini Abercorn, unaoitwa sasa Mbala, kikosi chake chenye askari Waafrika zaidi ya 1,100 kilikabidhi silaha. Kifungu kilisema kuondoka. Kilichofanyika mbele ya Waingereza kilikuwa kusalimu amri. Kisha wakasafirishwa kwa Ziwa Tanganyika hadi Kigoma kwenu, na kutoka hapo kwa reli hadi Tabora, ambako askari wale waliwekwa kizuizini.

Na nchi yenyewe iliyopiganiwa miaka minne, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani? Mapatano ya Compiègne hayakusema ni ya nani. Ujerumani iliziachia haki zake juu ya makoloni kwa kifungu cha 119 cha Mkataba wa Versailles, kwa hiyo kati ya Novemba 1918 na Januari 1920 Waingereza, pamoja na Wabelgiji waliokuwa Kigoma wakati huo, waliishikilia kama wakaliaji wa kivita, juu ya ardhi ambayo umiliki wake ulikuwa haujaamuliwa. Sentensi yako ya kwanza basi isomeke hivi: "Mapigano ya Vita Kuu ya Kwanza yalisimamishwa tarehe 11 Novemba 1918 kwa mapatano yaliyotiwa saini Compiègne, na mkataba wa amani na Ujerumani ukatiwa saini tarehe 28 Juni 1919." Ni ndefu zaidi kwa pumzi ya mtangazaji, nakiri, lakini haiwaambii wasikilizaji jambo ambalo halikutokea.

Mfano unaotajwa zaidi siku hizi ni wa Korea, nao unaeleweka haraka. Mapatano yalitiwa saini Panmunjom tarehe 27 Julai 1953 saa nne asubuhi na yakaanza kutekelezwa saa nne usiku wa siku hiyo hiyo. Yenyewe yanasema kwamba yanasimamisha uhasama hadi upatikane utatuzi wa mwisho wa amani. Utatuzi huo haujapatikana hadi leo, Korea Kusini haikutia saini kabisa, na ukanda usio na wanajeshi wenye upana wa kilomita nne bado unazitenga nchi mbili hizo. Hapa ndipo sentensi yako ya tatu inapojikwaa. Pande mbili za Korea hazijaweka silaha chini hata siku moja. Zimejaza silaha nyingi kuliko zilizokuwapo mwaka 1953. "Kuweka silaha chini" katika Kiswahili ni kusalimu amri au kunyang'anywa uwezo wa kupigana, kama ilivyokuwa Abercorn, na anayesitisha mapigano kwa kawaida hubaki na bunduki yake begani, katika kituo chake, akimwangalia mwenzake. Ukitaka usemi wenye picha, "bunduki zimenyamaza" unatosha, na Umoja wa Afrika nao umeuzoesha masikioni kwa kaulimbiu yake ya kunyamazisha bunduki barani.

Yapo makubaliano madogo zaidi, ambayo nadhani ndiyo yanayowasumbua watafsiri kuliko yote, kwa kuwa lugha za kigeni zina jina la pekee kwa kila moja na sisi hatuna. Kifungu cha 15 cha Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa 1949 kinataka kwamba, kila hali inaporuhusu, pande zinazopigana zikubaliane kusimamisha vita au kusitisha ufyatuaji risasi, au zipange utaratibu wa mahali hapo, ili majeruhi walioachwa uwanjani waondolewe, wabadilishwe na wasafirishwe. Hayo yanaweza kuwa ya saa mbili. Mwezi Julai 2024 Marekani ilitangaza usitishaji wa mapigano wa wiki mbili kwa sababu za kibinadamu mashariki mwa Kongo, kuanzia tarehe 5, na baadaye ukaongezwa wiki mbili nyingine. Kwa aina hii sioni haja ya kutunga neno jipya. "Kusitisha mapigano kwa wiki mbili ili misaada ipite" kunasema muda na kunasema sababu, mambo mawili ambayo neno moja la kubuni lisingeyabeba.

Usisahau pia kutaja mahali. Tarehe 19 Januari 2002, huko Bürgenstock nchini Uswisi, Serikali ya Sudan na wapiganaji wa kundi la waasi la SPLM wa Milima ya Nuba walikubaliana kusitisha mapigano kwa miezi sita inayoweza kuongezwa. Makubaliano yalihusu Milima ya Nuba peke yake. Kusini zaidi vita viliendelea, na ilichukua hadi tarehe 9 Januari 2005 kupata mkataba wa amani uliotiwa saini Nairobi. Mtangazaji aliyesema mwaka 2002 kwamba "mapigano yamesitishwa Sudan" alikosa kwa upana wa nchi nzima.

Sasa suluhu. Neno hili limetokana na Kiarabu, "sulhu", na katika Kiswahili cha pwani limebeba siku zote maana ya kupatanisha: mume na mke waliosuluhishwa na wazee, majirani waliosuluhishwa juu ya kiwanja, baraza la usuluhishi. Aliyesuluhishwa anatakiwa aondoke pale akiwa hana tena dai. Waarabu wenyewe wana ngazi tatu zilizo wazi. Kuna "waqf itlaq an-nar", kusimamisha ufyatuaji wa risasi. Kuna "hudna", mapatano ya kusimamisha vita kwa muda. Na kuna "sulhu", upatanisho. Mapatano ya mwaka 1949 baina ya Israeli na Misri, Lebanoni, Yordani na Syria, ambayo Ralph Bunche aliyasimamia kwa niaba ya Umoja wa Mataifa, huitwa kwa Kiarabu hudna, na Misri haikufikia mkataba wa amani na Israeli hadi tarehe 26 Machi 1979. Miaka 30 baina ya ngazi moja na nyingine.

Mtu anayeifahamu sira, yaani historia ya maisha ya Mtume, atanipinga hapa, na atakuwa na hoja. Mapatano ya Hudaibiya ya mwaka wa 6 Hijria, sawa na 628 Miladia, baina ya Mtume na Makureishi, yanajulikana kwa jina la Sulhu ya Hudaibiya, ilhali kwa yaliyomo yalikuwa hudna: vita visimame kwa miaka 10, Waislamu warudi Madina mwaka ule bila kufanya umra, waje mwaka unaofuata. Dai la msingi halikukatwa. Yalivunjika kabla ya miaka miwili kwisha, pale kabila la Banu Bakr, waliokuwa upande wa Makureishi, walipowashambulia kabila la Khuzaa waliokuwa upande wa Waislamu, na Makka ikafunguliwa mwaka 630. Nakubali basi kwamba kutumia "suluhu" kwa vita vilivyosimama kwa muda kuna mizizi ya kale na si kosa la lugha. (Desturi ya kusimamisha vita kwa kalenda ni ya kale zaidi: Waarabu wa kabla ya Uislamu walikuwa na miezi minne mitukufu ya kutopigana, Rajabu pamoja na ile tunayoiita pwani Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu na Mfunguo Nne.)

Hata hivyo, kwa taarifa ya habari ya leo ninakushauri uliache. Sababu ya kwanza ni hiyo ya baraza la wazee: msikilizaji akisikia suluhu anawaza watu waliokaa kitako, wakasikilizwa, wakaridhika. Sababu ya pili ni ya kuchekesha kidogo. Katika Tanzania neno hilo limekwenda viwanjani, na mtangazaji wa mpira akisema timu zimetoka suluhu, maana yake hakuna aliyefunga bao. Maana hiyo ya kutoshana nguvu inakaribia kabisa hali ya vita vilivyosimama, ila inampa msikilizaji wazo kwamba mchezo umekwisha na wachezaji wameshakwenda kuoga. Sentensi yako ya pili ingesema kwa usalama zaidi: "Makubaliano ya kusitisha mapigano mashariki mwa Kongo yamekiukwa", ikifuatiwa na nani anadaiwa kuyakiuka na wapi. Na hapo tazama kitenzi pia, kwa kuwa "kukiuka" na "kuvunja" si mamoja. Kifungu cha 40 cha kanuni za The Hague kinampa upande uliokosewa vibaya haki ya kuyakana mapatano, na hata kuanza tena kupigana papo hapo ikiwa ni dharura, lakini cha 41 kinasema kwamba wakikosea watu binafsi kwa hiari yao, aliyekosewa anaweza kudai tu waadhibiwe na fidia ilipwe. Risasi zilizopigwa na walinzi wa kizuizi kimoja usiku ni ukiukaji. Makubaliano huvunjika pale upande mmoja unapoyakana au unapopigana kana kwamba hayapo. Huku kusubiri kidogo kabla ya kuandika "yamevunjika" kumewahi kuniletea lawama za wahariri, na bado nakupendelea.

Haya manne hayaendi lazima kwa mfuatano. Burundi ndiyo inayoonyesha hivyo kuliko nchi nyingine yoyote ninayoijua, na wasikilizaji wako wengi waliyapitia. Mkataba wa amani na maridhiano ulitiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000, baada ya mazungumzo yaliyoanzishwa na Mwalimu Nyerere na kukamilishwa na Nelson Mandela. Ulikuwa mkataba kamili, wenye itifaki za utawala, jeshi, wakimbizi na ujenzi wa nchi. Kilichokosekana ni kusitishwa kwa mapigano, kwa kuwa makundi mawili makubwa yaliyokuwa msituni, CNDD-FDD na Palipehutu-FNL, hayakutia saini. Kwa hiyo amani ilikuwa kwenye karatasi nzima huku mizinga ikilia milimani Bujumbura Vijijini. CNDD-FDD ya Pierre Nkurunziza ilikubali kusitisha mapigano tarehe 2 Desemba 2002, tena palepale Arusha, ikafuatiwa na makubaliano mapana zaidi mwishoni mwa mwaka 2003. FNL ilitia saini Dar es Salaam tarehe 7 Septemba 2006, ikapigana tena na jeshi mwezi Aprili 2008, na tarehe 26 Mei mwaka huo ikatamka upya pamoja na serikali kwamba mapigano yanasimama. Mkimbizi aliyekuwa kambini mkoani kwenu aliyesikia Agosti 2000 kwamba mkataba wa amani umetiwa saini alisikia habari ya kweli. Alichohitaji kuambiwa ni nani hakutia saini.

Upana wa yaliyositishwa nao hutofautiana, na jina la makubaliano halionyeshi upana huo. Mkataba wa Lusaka wa tarehe 10 Julai 1999 juu ya Kongo, uliotiwa saini na Kongo yenyewe, Angola, Namibia, Zimbabwe, Rwanda na Uganda, ulisitisha mapigano, usogezaji na uimarishaji wa vikosi, na hata propaganda za chuki, na makundi ya waasi ya MLC na RCD yakauridhia mwezi Agosti. Karibu mwaka mmoja baadaye, mwezi Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana yenyewe kwa yenyewe Kisangani kwa siku sita, ingawa yote mawili yaliingia Kongo yakiwa upande mmoja. Kwa makubaliano yanayogusa zaidi ya risasi, kama ya Juba ya tarehe 26 Agosti 2006 baina ya Serikali ya Uganda na waasi wa LRA, "kusitisha uhasama" kunafaa kuliko "kusitisha mapigano", kwani uhasama unajumuisha utekaji, uporaji, matamshi na kujiandaa. Wajumbe wa Juba walitia saini pia usitishaji wa kudumu wa mapigano mwezi Februari 2008, lakini Joseph Kony, kiongozi wa LRA, hakujitokeza kuutia saini mkataba wa mwisho, na Desemba mwaka huo jeshi la Uganda likazishambulia kambi zake nchini Kongo. Msemo "kusitisha kwa kudumu", ambao ulirudi tena katika makubaliano ya Pretoria ya tarehe 2 Novemba 2022 juu ya vita vya Tigray nchini Ethiopia, mimi hunikwaza kila ninapouandika, kwa sababu kitenzi kinasema muda na kielezi kinakana muda. Katika hati rasmi huna hiari, fuata jina lilivyo. Katika maelezo yako mwenyewe andika kwamba pande hizo zimeahidi kutorudi vitani.

Jambo la mwisho lenye uzito ni kitenzi kinachomtaja mwenye kauli. Wito, tangazo na makubaliano ni hatua tatu tofauti. Mkutano wa pamoja wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC uliofanyika Dar es Salaam tarehe 8 Februari 2025 ulitaka mapigano ya mashariki mwa Kongo yasitishwe mara moja na bila masharti. Huo ulikuwa wito wa wasiopigana. Siku chache kabla, waasi wa M23 na washirika wao walikuwa wametangaza kwamba wao wanasitisha mapigano kuanzia tarehe 4 Februari kwa sababu za kibinadamu. Hilo lilikuwa tangazo la upande mmoja, na tarehe 5 wakauchukua mji wa Nyabibwe katika Kivu Kusini. Makubaliano yanahitaji angalau wawili, na Kiswahili kimetupa kauli ya kutendana kwa kazi hiyo hasa: wamekubaliana, wamepatana, wameafikiana. Ikiwa huwezi kuandika kitenzi chenye "-ana" na kutaja majina ya pande zote mbili, basi unachokiripoti ni wito au tangazo. Katika simu unazopigiwa, hilo ndilo ningelitaja kwanza kabisa: nani amekubaliana na nani, kuanzia lini, hadi lini, eneo gani, na nani anakagua.

Umeuliza pia, kwa mstari mmoja, kama ni "usitishaji" au "usitishwaji". Zote mbili ni sahihi. "Usitishaji wa mapigano" unaitazama kazi ya wanaositisha, "usitishwaji" unayatazama mapigano yanayositishwa, na katika habari ambayo watendaji wanajulikana la kwanza ni jepesi zaidi kusomwa. "Usitishaji mapigano", bila "wa", umezoeleka katika vichwa vya habari kwa ajili ya ufupi. Ndani ya taarifa rudisha "wa". Na kwa kuwa vita katika lugha ya kawaida huchukua upatanisho wa "vi-", andika kwamba vita vimesimama na mapigano yamesitishwa, ukiiacha "Vita Kuu ya Kwanza" peke yake na "ya" yake, kwani hilo ni jina na limekwisha kuota mizizi vitabuni.